Lehemu Haisemi Uongo

Picha saba umeweka, Bwana Sleyum,
na ya nane ni ya kiti.
"Gitaa la besi, sitini na sita, la Marekani,
halijaguswa, kama lilivyotoka kiwandani.
Riali mia nane. Mabela. Asiye na nia asipige simu."

Nia ninayo. Na miwani ninayo.
Nimefunga duka la viyoyozi hapa Wadi Kabir,
Agosti, saa nne usiku, ukuta bado unatoa joto
kama tanuri la mofa,
nami naikuza picha kwa vidole viwili
mpaka inakuwa mchanga.

Kizuri chajiuza, walisema.
Basi mbona chako kimelala upande mmoja tu?
Nigeuzie. Nioneshe mgongo.

Tazama kuchubuka huku. Rangi imeliwa
hapa juu, mkono wa mpigaji unapopumzika:
sawa, nakubali, mkono ni msasa wa polepole.
Lakini na huku chini pembeni imeliwa pia,
duara safi kama sarafu,
na hakuna kiungo cha binadamu kinachofika hapo.
Lilipigwa na nani hili, pweza?

Na kutu. Mimi kutu naijua, ndiyo inayonilisha.
Kutu ya Maskati ina tabia zake:
huanza na skrubu inayotazama dirisha,
huruka moja, hushika mbili,
huuficha mlango wake.
Yako imekaa sawasawa kwenye skrubu zote nne
kama hina ya bibi harusi.
Hiyo si miaka. Hiyo ni siki, siku tatu.

Ijumaa, baada ya sala, nikaenda.
Alinifungulia mwenyewe, mkongojo mkononi,
Kiswahili chake bado kina Wete ndani:
"Ndo weye fundi?"
Nikatoa bisibisi. Akageuza uso
kama mtu anayedungwa sindano.

Skrubu nne. Mbao ikaguna.
Kisiginoni mwa shingo, kwa penseli:
mwezi, mwaka, na herufi mbili za mtu
aliyeandika haraka, akafute vumbi, arudi nyumbani akale.
Hapo nilinyamaza.
Nikainusa. Ndiyo, mbao hunuswa.
Shingo ilikuwa ya kweli.

Kisha nikafungua kibao cha mbele.
Lehemu ya zamani hufifia, huwa kijivu kama jino la ng'ombe.
Hii ilinikodolea, inang'aa,
jicho la changu aliyevuliwa alfajiri.
Na nyaya zilivaa plastiki;
za mwaka ule zilivaa nguo.

"Ni mawili," nikamwambia.
"Shingo ya sitini na sita, mwili wa juzi."

Hakukasirika. Alikaa, akapandisha kanzu
mpaka juu ya kovu refu:
"Goti hili la Bangkok. Meno ya juu, ya Shiraz.
Jicho la kushoto lina lenzi,
na mwaka wangu wa kuzaliwa alikisia karani.
Haya, fundi. Mimi utaniuza shilingi ngapi?"

Nilicheka. Jibu sikuwa nalo.
Lilinijia garini, taa nyekundu ya Al Khoudh:
lakini wewe, Bwana Sleyum,
hukujitangaza kwamba hujaguswa.

Kabla ya hapo lakini, kahawa, halwa,
nikalirudisha shingo na mwili,
akalichomeka kwenye spika ya harusi ya mwanawe
na kupiga noti moja, ile nzito ya chini kabisa.
Vikombe vikatetemeka kwenye sinia.
Nilitafuta ndani yake lehemu mpya.
Sikuisikia.

Jana tangazo limebadilika:
"Shingo ya kweli. Mengine Mungu anajua. Riali mia tano."
Picha ni tisa sasa. Ya tisa ni mgongo.

Mimi nina mia tatu na arobaini
katika kopo la skrubu.
Nafunga duka, natazama: bado lipo.
Naosha mikono, natazama.
Bado lipo.